Kipande cha mpira baina ya chuma na chuma: kazi ya bushi katika nyua za Bahati

Wajuzi wa maneno watuambia kwamba neno bahati lilianza kwa Waajemi, likapita kwa Waarabu, ndipo likatufikia sisi watu wa pwani. Maana yake kila mtu aijua. Lakini huko bara, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, Bahati ni jina la mahali. Ukitoka Nakuru kwa njia ya Nairobi, kisha ukakata kushoto kuifuata barabara iendayo Subukia na Nyahururu, shimo kuu la Menengai likabaki mkono wako wa kushoto, utajiona u katikati ya mashamba ya mahindi, viazi, kabeji na ng'ombe wa maziwa. Ndiko Bahati.

Zama za ukoloni sehemu hizo zilikuwa mashamba makubwa ya walowezi. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, ardhi nyingi iligawanywa ikawa mashamba madogo madogo ya wananchi, na kila shamba likawa na nyumba yake na uwanja wake. Katika nyua hizo utaona mbuzi, kuku, mapipa ya maji ya mvua, na aghalabu gari moja la kazi: pikapu iliyozeeka rangi, ambayo hubeba maziwa alfajiri, viazi adhuhuri, na watu jioni. Gari hilo likianza kugonga nyuma, ko! ko! ko! kila lipitapo shimo, mwenyewe hujua kwamba bushi za nyuma zimekwisha. Naye si kila mara hulipeleka gereji. Mara nyingi hungoja siku ya mapumziko, akatandika gunia chini, akaingia uvunguni.

Huenda msomaji akauliza: bushi za gari zaingiaje katika ukurasa wa utamaduni? Jawabu ni kwamba utamaduni si ngoma na mavazi tu. Namna watu wanavyovitunza vyombo vyao ni sehemu ya utamaduni wao. Sisi wa pwani tunalijua jambo hili vyema, kwani wazee wetu waliishi kwa vyombo. Mwenye jahazi alijua kwamba mbao pekee hazizuii maji. Baina ya ubao na ubao hapana budi pawe na kitu laini, pamba iliyotiwa mafuta na kugongwa kwa patasi, nayo ndiyo kalafati. Kalafati haionekani chombo kikiwa baharini, wala hakuna aliyeisifu jahazi kwa kalafati yake. Lakini ikioza, nahodha hodari na tanga jipya havifai kitu. Bushi ya gari ni kalafati ya barabarani.

BUSHI NI NINI?

Gari haliwezi kufungwa magurudumu yake moja kwa moja kwenye chesisi. Kama lingefungwa hivyo, kila jiwe la njiani lingempiga msafiri uti wa mgongo. Ndiyo sababu kuna springi. Katika pikapu nyingi, kama vile Toyota Hilux, Datsun 1200 ya zamani na Peugeot 504 ya mizigo, springi za nyuma ni vipande virefu bapa vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kipande kikuu kimekunjwa ncha zake mbili zikawa vitanzi. Kitanzi cha mbele hufungwa kwenye kishikio cha chesisi kwa boliti moja nene. Kitanzi cha nyuma hakifungwi hivyo, kwa sababu springi ikielemewa na mzigo hunyooka na kurefuka. Hiki huning'inizwa kwa jozi ya vibao vya chuma viendavyo mbele na nyuma, ambavyo mafundi huviita shakeli.

Basi ndani ya kila kitanzi, baina ya chuma cha springi na chuma cha boliti, hutiwa bushi. Ile ya mbele kwa kawaida ni bomba dogo la chuma ndani, bomba kubwa zaidi nje, na mpira mnene uliogandishwa baina yake. Zile za shakeli huwa ni mpira mtupu, vipande viwili vinavyokutana katikati ya kitanzi. Kazi ya mpira huo ni tatu. Huacha springi iende juu na chini pasipo chuma kusuguana na chuma. Humeza mtikisiko na kelele. Tena, na hili husahauliwa na wengi, hulishika gurudumu mahali pake, ili ekseli ya nyuma isiende kombo gari likipiga breki au likikata kona.

Magari ya awali hayakuwa na mpira huo. Yalikuwa na pini za chuma zilizotaka kutiwa grisi kila mara, na mwenye gari akisahau pini zililika. Charles Goodyear wa Marekani aligundua mwaka 1839 namna ya kuupika mpira pamoja na kiberiti, yaani salfa, ili usiyeyuke kwa joto wala usikatike kwa baridi. Kuanzia miaka ya 1920 viwanda vikaenea katika ustadi wa kuufunga mpira ndani ya chuma ukawa bushi isiyotaka grisi. Na mpira wenyewe si mgeni kwetu. Kabla ya mashamba makubwa ya mipira ya Asia, pwani yetu ilipeleka ng'ambo mpira uliogemwa katika mimea itambaayo msituni, ya jamii moja na mbungo ambao matunda yake twayanywa kama sharubati hadi leo.

KWA NINI HUFA UPESI?

Bushi hufa kwa mambo mawili: kazi na umri. Huko Bahati mambo yote mawili yapo.

Kwanza ni kazi. Barabara kuu ni ya lami, lakini mashamba hayako juu ya lami. Njia za kuingilia mashambani ni za udongo wa volkeno, ambao miezi ya kiangazi ni vumbi jembamba kama unga, na mvua za masika zikianza hugeuka matope yenye makorongo. Gari lenye magunia ya viazi lipitapo hapo, gurudumu moja huwa shimoni na jingine juu ya tuta, na springi husokotwa kama kamba. Vumbi huingia baina ya mpira na chuma likafanya kazi ya msasa. Kisha kuna mteremko. Barabara hiyo huinuka Bahati, halafu huteremka kwa kona kali kuelekea bonde la Subukia. Penye mteremko wa namna hiyo dereva hupiga breki akiwa katika kona, mzigo ukimsukuma nyuma. Hapo ndipo bushi iliyokwisha huonyesha ubaya wake, kwani ekseli huteleza kidogo upande mmoja na gari likajipeleka lenyewe mahali ambapo dereva hakulipeleka.

Pili ni umri. Mpira huzeeka hata kama gari limelala. Joto, hewa, na mafuta yanayovuja huukausha ukapasuka. Sheria ya Kenya yataka gari lililotumika liingizwe nchini likiwa halijapita miaka minane tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza, na kwa hiyo magari mengi yashukayo katika bandari ya Mombasa huwa na umri wa miaka saba hivi. Rangi yang'aa na viti ni safi. Lakini bushi zake zimekwisha kula miaka saba ya barabara laini za Japani, na sasa zapelekwa kuanza maisha mapya katika makorongo. Haishangazi zikatoa sauti kabla ya mwaka kwisha.

Watu wa Bonde la Ufa hupenda kusimulia ugumu wa magari ya zamani, hasa Peugeot. Nao wana haki. Katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, Peugeot 404 ilishinda mara nne katika miaka ya 1960, nayo Peugeot 504 ikashinda mwaka 1975 na mwaka 1978. Lakini msimulizi aghalabu huacha jambo moja. Gari la mashindano lilifuatwa na mafundi wake njia nzima, wakilipokea penye kituo, wakibadilisha kilicholegea na kukaza kilichofunguka. Ugumu ule ulikuwa nusu wa gari na nusu wa mikono iliyolitunza.

DALILI ZAKE

Mwenye gari aliyezoea chombo chake huitambua bushi iliyokufa kabla ya kuiona. Gari hugonga nyuma penye mashimo madogo, wala si makubwa tu. Ukikanyaga mafuta nyuma huhamia upande mmoja, na ukiyaachia hurudi. Barabara ikiwa nyofu yambidi dereva kuusahihisha usukani mara kwa mara ingawa magurudumu ya mbele hayana kasoro. Tairi za nyuma huliwa upande mmoja.

Lakini sauti yaweza kudanganya. Shokabzoba iliyolegea nayo hugonga, hata ekzosi iliyokatika kishikio hugonga. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, gari likiwa limesimama chini kwa magurudumu yote manne, angalia kila kitanzi cha springi. Boliti yapasa kukaa katikati ya kitanzi. Ikiwa imeegemea upande mmoja, mpira umekwisha. Ukiona unga mwekundu wa kutu ukitoka pembeni, jua chuma chasuguana na chuma. Kisha chukua mtaimbo, uupenyeze baina ya springi na kishikio chake, ubonyeze. Bushi nzima hutikisika kidogo na kurudi. Iliyokufa huchezacheza kama jino la mtoto.

KABLA YA KUINGIA UVUNGUNI

Sasa twafika penye jambo zito kuliko yote katika makala haya. Bushi haijapata kumuua mtu aliyeibadilisha. Gari lililoanguka juu ya jeki limeua wengi, huku bara na huko pwani.

Watu wengi hudhani breki ya mkono yatosha. Katika magari mengi breki hiyo hushika magurudumu ya nyuma, na hapa magurudumu ya nyuma ndiyo yanayonyanyuliwa. Yakisha kuwa hewani, breki ya mkono haishiki kitu. Kwa hiyo magurudumu ya mbele sharti yatiwe kabari mbele na nyuma, na mahali penyewe pawe tambarare na pagumu. Uwanja wa Bahati baada ya mvua haufai. Jeki huzama kama kijiti katika uji. Wenye busara hutanguliza ubao mpana na mnene chini ya jeki, au hungoja pakauke.

Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Gari likisha kupanda, huwekwa stendi za chuma, moja kila upande, chini ya chesisi, mbele kidogo ya mahali springi inapofungwa. Halafu gari husukumwa kwa mkono kuhakikisha halitikisiki. Asiye na stendi aazime kwa jirani, au aache kazi hiyo. Asitumie mawe. Mawe ya kujengea ya Nakuru ni ya volkeno, mepesi na laini, hukatwa kwa msumeno kama mkate. Chini ya uzito wa gari huweza kupasuka ghafla pasipo kutoa ishara. Nasi wa pwani tusiwacheke, kwani jiwe la matumbawe na tofali la saruji vina tabia ile ile. Bahati hapa libaki kuwa jina la mahali.

Kadhalika tangi la mafuta katika pikapu huwa karibu na springi hizo. Boliti iliyoshikwa na kutu yamtia mtu tamaa ya kuichoma moto ilegee. Moto na tangi la petroli havikai pamoja. Dawa ya kutu ni subira: siku moja kabla ya kazi, piga boliti zote brashi ya waya, uzimwagie mafuta ya kulainisha kutu, urudie jioni, na urudie tena asubuhi. Kwetu pwani, ambako hewa ya chumvi hula chuma usiku na mchana, afadhali uanze siku mbili kabla.

KUTOA NA KUTIA

Fanya upande mmoja kwanza, na upande wa pili ukiwa umefungwa, ili ekseli isikimbie. Jeki ya pili huwekwa chini ya ekseli, ikaipokea kidogo tu, mpaka springi isiwe imevutwa chini wala kusukumwa juu. Ikiwa shokabzoba yaizuia ekseli kushuka, fungua boliti yake ya chini. Utazame pia mpira wa breki uendao nyuma. Ekseli isiachwe ikaning'inia kwa mpira huo hata kidogo, kwani ukipasuka kwa ndani hutauona mpaka siku utakapoihitaji breki.

Anza na shakeli. Fungua nati zake, ubandue kibao cha nje, kisha usukume pini itoke. Usiigonge ncha ya boliti kwa nyundo tupu, kwani uzi wake utaharibika. Rudisha nati hadi usawa wa ncha, utie kipande cha mti au shaba, ndipo ugonge. Mipira ya zamani hutoka kwa mkono au kwa bisibisi. Safisha ndani ya kitanzi kwa msasa mpaka chuma king'ae, kwani kutu iliyoachwa ndani itaula mpira mpya upesi kuliko barabara.

Bushi ya mbele ndiyo yenye ukaidi. Bomba lake la nje limekaa ndani ya kitanzi miaka mingi likawa kama limeota pale. Fundi mwenye mashine huisukuma kwa dakika moja. Wa nyumbani hutumia akili. Hukata mpira kwa kisu au msumeno mpaka bomba la ndani litoke, kisha huupitisha msumeno wa chuma ndani ya kitanzi na kulikata bomba la nje kwa urefu wake, polepole, akiangalia asikiguse kitanzi chenyewe. Likisha kukatika hulikunja kwa patasi likaanguka. Kazi hii yataka miwani ya kukinga macho, kwani vumbi la chuma halichagui.

Kuitia mpya yatosha boliti ndefu, washa nene mbili na kipande cha bomba kilicho kipana kidogo kuliko bushi. Bomba huwekwa upande mmoja wa kitanzi, bushi upande wa pili, boliti ikapita katikati, na kila nati ikazwapo bushi huvutwa ndani kidogo kidogo. Usiipige nyundo, ukiipiga huenda kombo. Mpira mtupu wa shakeli huingia kwa urahisi ukiupaka maji ya sabuni. Usitie grisi wala mafuta ya injini, hata kama jirani atakuambia yeye hufanya hivyo siku zote. Mpira wa asili hunywa mafuta hayo, ukavimba, ukalainika, ukafa kabla ya wakati wake. Ukinunua bushi za poliyurethani, ambazo siku hizi zauzwa sana kwa kuwa ni ngumu na hudumu, tumia grisi yake maalumu inayouzwa pamoja nazo.

Wakati wa kurudisha boliti, matundu mara nyingi hayalingani. Watu hutia kidole ndani kupapasa yamebaki kiasi gani. Kidole kisiingie humo! Ekseli ikiteleza kwa unene wa kucha, kidole hukatika. Tumia bisibisi au chuma kilichochongoka, na umwambie msaidizi wako aipandishe jeki taratibu mpaka mwenyewe useme basi.

MAHALI PENYE SIRI YA KAZI

Wengi wakisha kurudisha boliti hukaza kwa nguvu zao zote gari likiwa bado hewani, wakafunga gurudumu, wakanawa mikono. Baada ya miezi michache bushi mpya zapasuka, nao husema dukani waliuziwa bandia. Huenda kweli waliuziwa bandia, kwani zipo. Lakini mara nyingi kosa si la duka.

Fikiri jinsi bushi ile inavyofanya kazi. Boliti ikikazwa, bomba la ndani hubanwa kabisa na kishikio cha chesisi, halizunguki tena. Bomba la nje limebanwa na kitanzi cha springi. Springi iendapo juu na chini, kinachozunguka ni mpira wenyewe. Husokotwa kidogo, kisha hurudi. Sasa, gari likiwa hewani springi zimelegea na kujikunja. Ukikaza hapo, mpira huchukua hali hiyo kuwa ndiyo starehe yake. Ukilishusha gari, springi hunyooka kwa uzito na mpira husokotwa mara moja. Gari likisimama usiku kucha, mpira u katika kusokotwa. Likipita shimo, husokotwa zaidi. Hauna hata saa moja ya kupumzika, na ndiyo sababu hupasuka.

Kwa hiyo boliti zote zikazwe kwa mkono tu mpaka zishike. Rudisha magurudumu, ondoa stendi, lishushe gari lisimame kwa miguu yake. Lisukume juu na chini nyuma mara kadhaa likae vizuri. Ndipo ukaze kwa kiasi kilichoandikwa na kiwanda katika kitabu cha gari, na kama una spana ya kupimia nguvu, uitumie. Nati za kujifunga zenyewe zisirudiwe; nunua mpya. Upande mmoja ukisha kutengenezwa, ufanye na wa pili siku hiyo hiyo hata kama hauna kelele, kwani gari lenye bushi mpya kulia na kuukuu kushoto hutembea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Baada ya kilomita mia moja hivi ingia tena uvunguni, uzipime nati zote.

PENYE MPAKA WA NYUMBANI

Si kila bushi ni ya kubadilishwa chini ya mwembe. Magari madogo yaliyojaa barabarani siku hizi, kama Toyota Corolla ile iitwayo NZE, hayana springi za vipande bapa. Nyuma yana boriti moja ipitayo kutoka gurudumu hadi gurudumu, nayo imeshikwa mbele na bushi mbili kubwa. Bushi hizo huwa na matundu yaliyoachwa makusudi ndani ya mpira, na sharti zikae kwa upande ule ule zilivyokaa za kwanza. Ukizigeuza, mpira utaelemewa mahali pasipokusudiwa. Kuzitoa na kuzitia kwataka chombo cha kuvutia. Asiye nacho ampelekee fundi aliye nacho, wala hakuna aibu. Vivyo hivyo ukikuta kitanzi kimepasuka, kipande cha springi kimevunjika, au chesisi imeliwa na kutu penye kishikio, hapo kazi si ya bushi tena.

Na hapa yafaa tuseme neno juu ya mafundi wa jua kali. Shirika la Kazi Duniani lilipotoa taarifa yake juu ya Kenya mwaka 1972, liliwaeleza watu hawa wanaofanya kazi kwenye uwanja mtupu, bila ya mtaji mkubwa wala leseni, kuwa ni wazalishaji halisi wenye kulisha nyumba nyingi, wala si wazururaji. Hadi leo ndio wanaoyaweka magari ya Nakuru barabarani, mji ambao ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Wengi wao ni hodari. Lakini ipo desturi moja isiyofaa kusifiwa, nayo ni kuchonga bushi kwa tairi kuukuu. Tairi hufaa sana kwa makubadhi ya akala. Ndani yake mna nyuzi na matabaka, na mpira huo haukugandishwa na chuma. Ndani ya kitanzi hujisugua badala ya kujisokota, na baada ya muda mfupi kelele hurudi. Ikiwa ni ya kulifikisha gari nyumbani, haya. Kuipakia watu na kuteremka nayo Subukia, la.

Kwani hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Pikapu ya Bahati haibebi viazi peke yake. Jioni, baada ya soko, jirani huomba lifti, na mama mwenye mtoto mgongoni hupanda, na wanafunzi hupanda. Hakuna hata mmoja wao atakayeinama kuangalia kitanzi cha springi kabla ya kupanda. Wamekwisha kuiweka roho yao katika amana ya mwenye gari, pasipo hati wala shahidi. Bushi nne za shakeli na mbili za mbele hazifiki bei ya tairi moja jipya, na kazi yake haizidi siku moja ya mapumziko kwa mtu mwenye stendi, subira na msaidizi anayesikia neno.

Ikiwa nawe, msomaji, unayo pikapu ya samaki huko Malindi au ya nazi huko Tanga, nayo imeanza kubisha hodi kwa nyuma, anza leo kwa jambo dogo lisilo na gharama: lisimamishe mahali tambarare, uchukue tochi, uiname, uangalie kama boliti ingali katikati ya kitanzi.